Donge la Udongo kwenye Kitana cha Maji

Kila alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma, Kaltum alitoka na koleo kuondoa mchanga mlangoni. Mchanga wa Tamaskra, kijiji chao cha jangwani, hauna adabu. Ukiufukuza jioni, asubuhi utaukuta umelala kizingitini kama mbwa asiye na mwenyewe. Akimaliza hapo, aliteremka kwenye bustani za mitende kukisafisha kitana.

Kitana hicho kilikuwa cha jiwe, na meno yake yaligawa maji. Maji yenyewe yalisafiri gizani chini ya ardhi, ndani ya fogara, handaki refu ambalo mababu walilichimba kwa mikono. Yakitoka nje, kitana kikubwa kiliyagawia kijiji kizima. Fungu la nyumba ya kina Kaltum na fungu la jirani yao, bibi mzee waliyemwita kwa heshima Lalla Masuda, yaliteremka pamoja hadi kwenye kitana kidogo chenye mapengo mawili tu. Pengo la kulia la Lalla, la kushoto lao.

Zamani Lalla Masuda alikuwa akipanda mwenyewe kukiangalia kitana. Magoti yalipoanza kumsaliti, alimwachia Kaltum kazi hiyo. Kila asubuhi alimngoja kati ya vitunguu na nyanya zake akiwa na kipande cha sukari kwenye pindo la shuka, akamwuliza, "Umekiangalia kitana, mjukuu wangu?"

"Nimekiangalia, Lalla."

Ndipo sukari ilipobadili mikono.

Mwaka huo Kaltum alikuwa na jambo lake. Baba yake alifanya kazi mbali, kwenye visima vya gesi, na alirudi nyumbani kwa likizo tu. Likizo iliyopita alimkuta Kaltum akimwagilia mnanaa uliokauka, akacheka na kusema, "Binti yangu, wewe hata jiwe ukilipanda litanyauka." Kaltum alicheka pia, lakini neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Baba alipoondoka, alipanda matikiti. Alitaka baba akirudi ale tikiti lililopandwa na mkono huohuo unaonyausha mawe.

"Tikiti lako limekua kweli," mdogo wake Bahus alimwambia siku moja. "Linatoshana na jicho la mbuzi."

"Na wewe akili yako inatoshana na mavi yake."

Kisha ukaja upepo wa moto kutoka kusini. Majani ya matikiti yakasinyaa. Kidimbwi chao cha kumwagilia kikawa hakijai, kwa kuwa mama alihitaji maji kwa ngano iliyobaki na kwa mbuzi. Asubuhi moja Kaltum alisimama mbele ya kitana, akayatazama yale mapengo mawili. Akachukua donge la udongo, akalichanganya na nyuzi za mtende, akalibandika kwenye pengo la Lalla mpaka likabaki na njia nyembamba kama uzi. Maji yakageukia upande wao.

Leo tu, alijiambia. Kesho nitalitoa.

Lakini matikiti yalikunywa, yakanyanyuka, yakavimba. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Huku chini nyanya za Lalla zilianza kuinamisha vichwa. "Umekiangalia kitana, mjukuu wangu?" aliuliza, sauti yake ikiwa imepungua.

"Nimekiangalia, Lalla."

"Hakuna mchanga?"

"Hakuna mchanga."

Na kweli mchanga haukuwapo. Kaltum aliipokea sukari, akaona haina ladha.

"Basi fogara imechoka," alisema Lalla Masuda. Alilishika jani lililokauka taratibu, kama anayemshika mgonjwa mkono. "Si kosa lake. Hata mama akinyonyesha watoto wengi, ziwa hukauka."

Siku chache baadaye, mama alikuwa akikanda unga wa mkate aliposema, "Lalla Masuda anahama. Ijumaa baada ya swala mwanawe Hamu anakuja kumchukua, akaishi naye mjini Adrar. Fungu lake la maji ataliuza."

Kaltum aliacha kupepea moto. "Aliuze kwa nini?"

"Kwa sababu halimfikii tena. Shamba bila maji ni mchanga wenye jina tu." Mama alifuta jicho kwa kiwiko. "Yeye ndiye aliyewapokea nyote wawili mlipozaliwa. Sijui nyumba ile nitaitazamaje ikiwa imefungwa."

Kaltum hakumsikia tena. Alikimbia hadi kwenye kitana, akalikwangua donge lile kwa kucha, vidole vikachubuka. Maji yakateremka kwa Lalla kama zamani. Kaltum akapumua. Akayaona yamekwisha: maji yamerudi, Lalla atabaki, na hakuna atakayejua.

Ijumaa Hamu alifika na gari lake. Godoro lilikuwa limeshapakiwa, na sinia ya chai imefungwa ndani ya blanketi. Lalla Masuda alisimama mlangoni akiangalia bustani yake inayometameta.

"Maji yamerudi, mwanangu," alisema.

"Nimeyaona, Mama. Yamerudi leo, na kesho je? Yaliondoka bila sababu, yataondoka tena bila sababu. Utabaki hapa na magoti hayo, ukiyasubiri?"

Lalla aliziangalia tena nyanya zake. "Kweli," alisema mwishowe. "Kitu kikiharibika kwa sababu, unakitengeneza. Kikiharibika bila sababu, unakiaga." Akauinua mguu wake kuingia garini.

Kaltum alikuwa amesimama kando, ameshika kamba ya mbuzi. Katika watu wote waliokuwapo, yeye peke yake ndiye aliyeijua hiyo sababu. Aliona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza. Akaona pia kwamba akinyamaza, gari litaondoka.

"Sababu ilikuwapo, Lalla," alisema. "Ni mimi. Niliziba pengo lako kwa udongo. Nilitaka maji ya matikiti yangu."

Mama yake Kaltum, aliyekuja kuaga, alijishika kifua. Hamu alifunga mlango wa gari kwa kishindo. "Msichana huyu," alianza, lakini Lalla Masuda aliinua mkono.

"Nipeleke kwenye kitana," alisema.

Walipanda polepole, mwanawe akimshika bega, magoti yakilia. Lalla Masuda aliinama, akatia kidole kwenye pengo lake, akahisi udongo ulioganda pembeni. Alikaa hivyo huku maji yakimpita kidoleni. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na machozi na midomo ilikuwa na tabasamu.

"Nilidhani ardhi imenichoka," alisema. "Kumbe ni mtoto na matikiti yake."

"Nisamehe, Lalla. Lakini niliposema hakuna mchanga, kweli haukuwapo."

"Neno la kweli likibeba uongo mgongoni, ni uongo, Kaltum." Akamvuta, akamketisha karibu yake. "Sikiliza. Kwetu mvua ni mgeni. Maji haya yaliletwa na watu waliotambaa chini ya ardhi, wengine hawakutoka. Na hakuna askari anayekilinda kitana. Kinalindwa na neno la yule anayekwenda kukitazama. Nilipokuuliza, nilikuwa nauliza kama naweza kuishi hapa. Ukisema uongo kuhusu maji, umesema uongo kuhusu uhai wa mtu."

Kaltum aliinamisha kichwa.

"Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo mpaka kesho asubuhi. Kuanzia hapo utazimwagilia nyanya zangu kwa ndoo, kutoka kidimbwi chenu, mpaka zipone." Akamgeukia mwanawe. "Hamu, shusha godoro."

Baba aliporudi, alikuta tikiti moja tu limesalia. Mengine yalikauka, kwani ndoo zilikwenda kwenye nyanya. Lilikuwa dogo, lakini ndani lilikuwa jekundu, na kipande cha kwanza Kaltum alimpelekea Lalla Masuda. Kisha akamsimulia baba yote, hata lile neno la jiwe.

Asubuhi iliyofuata baba alikwenda naye kwenye kitana. Kutoka bustanini sauti ikapanda. "Umekiangalia kitana, mjukuu wangu?"

Kaltum alipiga magoti, akatazama vizuri. "Kuna mchanga, Lalla. Kwako kidogo, kwetu mwingi. Naanza na kwako."

Baba alimwekea mkono kichwani. "Nilikosea kukuambia kila unachopanda kitanyauka," alisema. "Neno la kweli ulilolisema sasa ndilo linalokiweka kijiji hiki hai. Lipande kila asubuhi."

Kaltum akaingiza vidole kwenye maji baridi, akaanza kusafisha.