Iko Ukungu

Jumatatu ya kwanza ya Februari mwaka wa 1972, foleni ya posta ya Nyeri ilitoka mlangoni ikateremka ngazi hadi barabarani. Kioko alikuwa mtu wa kumi na nne. Alijua kwa sababu alihesabu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mpiga picha mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya soko, na hakupenda kukadiria jambo linaloweza kuhesabiwa. Suruali yake ya kodrai ilikuwa imepigwa pasi, tai imefungwa, na kifuani alichomeka kalamu mbili, ya wino na ya risasi.

Mlango wa nyuma ya kaunta ukafunguka. Msichana mrefu mwenye sweta ya buluu na nywele zilizochanwa zikasimama kama taji akachungulia, kidude cha kusikilizia simu kikining'inia shingoni.

"Nani ameitisha Nairobi, duka ya kamera?"

Kioko akainua mkono.

"Ni wewe! Wiki jana ulikuwa unagombana na huyo Mhindi ati unataka karatasi ngumu, hutaki laini. Nikasema, huyu mwanaume, mke wake ana kazi."

Foleni ikacheka. Masikio ya Kioko yakapata moto.

"Sina mke. Na sikujua opereta husikiliza watu."

"Sisi hatusikilizi. Tunapima dakika. Masikio ndiyo inasikia yenyewe. Ingia kibanda ya pili."

Jina lake lilikuwa Wachuka, mzaliwa wa Wamagana. Tangu siku hiyo Kioko alianza kupiga simu Nairobi kuulizia vitu asivyovihitaji, na dakika tatu zilipokwisha, sauti ya Wachuka ilikuwa ikiingia katikati: "Dakika tatu, bwana. Unaongeza?" Naye alikuwa akiongeza. Kufikia Pasaka walikuwa wakinywa chai pamoja kila Jumapili baada ya kanisa. Alimpiga picha studioni akiwa na gauni la manjano lenye kola pana. Picha ilipokauka, Wachuka aliitazama kwa muda mrefu.

"Mama yangu hana picha," akasema.

"Mlete. Sitamlipisha."

"Hatakuja. Iko moja tu alipigwa, mwaka wa hamsini na nne, kambini. Wazungu walimwekea taa kwa macho, na kibao ya namba hapa kifuani. Akasema hatapigwa tena. Sasa ni mgonjwa wa tumbo, hatoki kitandani, na anatetemeka mikono. Jana ameniambia ati akifa, watoto wangu watauliza alikuwa anafanana aje. Atakubali, lakini bila taa."

"Bila flashi."

"Bila taa yoyote, mpenzi. Hata ile ya mafuta ukiisogeza karibu, anageuza uso."

Kioko hakutoa pole. Aliuliza dirisha la chumba lilikuwa na ukubwa gani, na lilitazama wapi. Wachuka alionyesha kwa mikono: dogo, la mbao, upande wa Nyandarua. Kioko akaandika kwenye daftari. Wachuka akamwangalia akiandika, asijue kama alipaswa kukasirika au kufurahi.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Lenzi ya Kioko, hata ikifunguliwa kabisa, iliishia namba 3.5. Katika chumba kama kile, kwa filamu kali kuliko zote alizoweza kupata, ingehitaji sehemu ya nane ya sekunde ili mwanga utoshe, na katika muda huo mtu anayetetemeka hutoka kama moshi. Alihitaji sehemu ya thelathini. Kwa lenzi, namba ikishuka tundu hupanuka, na mwanga huingia zaidi. Lenzi mpya ya 1.4 ilikuwa na bei ya ng'ombe wa maziwa. Ya 2.8 angeiweza, lakini bado isingetosha. Iliyobaki ni 1.8 iliyotumika, kama ingepatikana.

Alipiga simu asubuhi moja ya Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka toka mlimani mpaka kwenye vioo vya posta, na laini ilikuwa inakwaruza.

"Nairobi haikusikii," sauti ya Wachuka ikasema. "Mimi nawasikia nyote wawili. Nitakuwa mdomo yako. Uliza."

"Muulize kama ana lenzi ya milimita hamsini, moja nukta nane, iliyotumika."

Akauliza. Kisha: "Anayo. Moja tu."

"Vioo vina mikwaruzo?"

"Anasema hakuna hata moja. Gurudumu ya kufungua tundu inazunguka sawa. Iko na mfuko wa ngozi." Kioko alikuwa anaandika kila neno. "Na bei anapunguza. Halafu anasema iko ukungu."

Kioko aliandika neno hilo pia. Kisha akatazama nje ya kibanda, ambako hata mti wa upande wa pili wa barabara haukuonekana, akacheka.

"Mwambie hata huku uko. Si kitu. Aitume kwa basi."

"Amecheka pia," Wachuka akasema. "Anasema wewe ni mteja mzuri. Dakika tatu, mpenzi."

Lenzi ilifika Alhamisi. Kioko aliifungua, akaielekeza dirishani, akachungulia. Ndani kabisa, kati ya kioo na kioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizotandaa kama mizizi ya nyasi. Ulikuwa ukungu ule unaoota kwenye mkate na viatu vya zamani. Lenzi ya namna hiyo, ikikutana na mwanga mkali, huusambaza mwanga huo juu ya picha nzima mfano wa maziwa yaliyomwagika.

Kuirudisha kungechukua siku kumi. Daktari wa mgonjwa alikuwa ameacha kutaja siku zilizobaki. Kioko hakumwambia Wachuka lolote.

Jumamosi walipanda Wamagana. Mama Ngendo, mama yake Wachuka, aliketishwa kitandani akiwa na kitambaa cheupe kichwani na shuka jekundu mabegani; alikuwa amebaki mifupa na macho. Aliuliza kitu kwa Kikuyu.

"Anauliza taa umeificha wapi," Wachuka akasema.

Kioko alifungua mfuko wa kamera akauonyesha. Akafunua mikono yote miwili, ikiwa mitupu. Mama Ngendo akaichunguza, kisha akasema neno lililomfanya binti yake aangue kicheko huku machozi yakimtoka.

"Amesema nini?"

"Ati ingawa wewe ni Mkamba, una mikono safi."

Alipiga picha kumi na mbili, akiikinga lenzi kwa kofia yake, akijua kofia haitoshi. Dirisha lilikuwa jeupe, nalo ndilo lililokuwa mwanga pekee. Katika picha ya tisa Wachuka aliingia kuchukua kikombe, mama akainua macho kumfuata. Kioko alibonyeza.

Zilitoka kama alivyotabiri. Uso ulikuwa wazi, kila mkunjo mahali pake. Sehemu ya thelathini ilikuwa imeishinda mitetemo. Lakini juu ya kila kitu palitanda weupe. Hapakuwa na nyeusi hata moja iliyo nyeusi. Aliijaribu ile karatasi yake ngumu, inayokoleza nyeusi, akaongeza dawa, akarudia siku tatu. Kisha akazifungia negativu, filamu zenyewe, kwenye bahasha akaandika juu yake: mbovu.

Mama Ngendo alifariki siku ya tisa baada ya kupigwa picha. Wachuka alikuja studioni akiwa na kitambaa cheusi na viatu vyenye matope.

"Mazishi ni kesho. Nipatie picha."

"Hazikutoka vizuri."

"Nipatie hiyo haikutoka vizuri."

"Sitoi kazi mbovu kwenye studio yangu, Wachuka. Hata kwa mtu mwingine singetoa, sembuse wewe."

"Kioko. Mama yangu yuko kwa sanduku. Mimi sinunui kazi yako. Naomba uso yake."

"Huo si uso wake. Ni makosa ya lenzi."

Wachuka alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayezungumza lugha ya mbali. Alitoka bila kufunga mlango. Mama Ngendo alizikwa bila picha.

Kioko alikuwa amemwandikia mwenye duka barua ya kurasa mbili, akimwita mwizi. Jibu lilikuja baada ya juma moja, kwa mashine ya taipu, sentensi chache. *Nilimwambia opereta wako wazi kwamba lenzi iko ukungu. Ndiyo maana nilipunguza bei. Jibu likaja kwamba si kitu.*

Aliisoma amesimama, akaenda nayo moja kwa moja posta. Wachuka aliitwa, akatoka akiwa na sweta ileile ya buluu, iliyompwaya sasa.

"Ulijua," Kioko akasema, akiweka barua kwenye kaunta. "Alikuambia ina ukungu, ukanificha, kwa sababu ulitaka picha haraka."

"Nilikuambia neno alisema."

"Hukuniambia lenzi imeoza!"

"Nilikuambia neno alisema!" Foleni yote iligeuka kutazama. "Kazi yangu ni kupitisha maneno, siyo kuyapika. Mama yangu hana hata mwezi mchangani, na wewe umekuja hapa na barua? Nenda, Kioko. Mimi na wewe laini imekatika."

Alirudi studioni kutafuta ushahidi. Hivyo ndivyo alivyokuwa: aliyelaumiwa kwa maneno hujitetea kwa maandishi. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Julai, na ushahidi ulikuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe ulionyooka. *Mm 50. 1.8. Imetumika. Hakuna mikwaruzo. Gurudumu sawa. Mfuko wa ngozi. Bei imepungua. Ukungu.*

Neno la mwisho lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, uliopigwa kwa rula.

Aliketi. Alikumbuka kicheko chake kibandani, na ule mti usioonekana. Mwenye duka alisema *iko*, kama wasemavyo watu wa Nairobi kwa kila kitu, kiwe kioo au hali ya hewa. Angesema *ina*, pasingekuwa na shaka. Wachuka alilipitisha neno kama alivyopewa. Katika watu watatu waliokuwa kwenye laini ile, wawili ndio waliojua kwamba lenzi huota ukungu, na mmoja wa hao wawili alikuwa na kalamu mkononi na hakuuliza swali hata moja.

Aliporudi posta kesho yake, Selpha, Mluhya mnene wa kaunta, alimwambia kwamba Wachuka aliomba uhamisho tangu mazishi. Alikuwa ameshaondoka kwenda Nanyuki, kwenye kituo cha simu cha huko.

Kioko alifungua bahasha iliyoandikwa *mbovu*. Alichapa picha ya tisa kwenye karatasi laini, ambayo hakuwahi kuitumia, na safari hii hakupigana na ule weupe. Aliiacha itoke ilivyotaka kutoka. Aliituma Nanyuki pamoja na ukurasa wa daftari, aliouchana bila kuunyoosha kingo. Barua hakuandika. Hakujua ya kuandika ambayo ukurasa ule haukuwa umeyasema.

Siku kumi na mbili zilipita. Siku ya kumi na tatu, alipokwenda kutazama sanduku lake la barua, Selpha, aliyeshika sasa nafasi ya Wachuka, alimpungia mkono.

"Wee Kioko, usiende! Nanyuki imekuulizia toka saa mbili. Kibanda cha pili, haraka."

Alishika simu. Upande wa pili palikuwa na mkwaruzo, na mtu anayepumua.

"Nimepata picha," Wachuka akasema.

"Ni mbovu. Najua. Lakini—"

"Nyamaza kidogo. Wewe hukumjua akiwa mzima. Alikuwa anatoka asubuhi saa kumi na mbili kuchuma majani chai. Mimi nikiwa mdogo namwangalia mlangoni. Ukungu inamfunika pole pole, akigeuka kunitazama, hivyo ndivyo anaonekana. Hivyo kabisa. Na wewe ulikuwa nayo, Kioko. Siku ya mazishi ulikuwa nayo kwa bahasha."

Kioko aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nayo," alisema.

"Watu walisimama pale kaburini bila hata kitu ya kutazama. Ndugu yake mwenyewe ameuliza kama iko picha imetoka, nikasema hakuna. Nilidanganya mbele ya mama yangu, na sikujua nadanganya."

"Ulinipitishia neno sawasawa. Mimi ndiye niliyelikata."

"Nimeona. Na rula." Alitoa sauti iliyokaribia kicheko, ikafia njiani. "Mtu gani anakata neno na rula?"

Laini ikakwaruza, na sauti ya Selpha ikaingia katikati, ikijikaza iwe ya kazi: "Nyeri, Nanyuki, dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?"

Kioko aliogopa kusema ndiyo, kwani simu haikuwa yake. Yeye ndiye aliyepigiwa.

"Sijakusamehe," Wachuka akasema.

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe." Akavuta pumzi. "Selpha, ongeza."