Vitoe Vyote

— Kikombe cha baba yenu kiko wapi?

Mama alikuwa amesimama mbele ya kabati la vyombo, milango yote miwili wazi. Rafu ya juu ilijaa vikombe vya plastiki tangu mimi sijang'oa jino la kwanza. Sasa ilikuwa na vikombe kumi na viwili vya udongo, rangi ya asali, vimepangwa utadhani vinasubiri kupigwa picha.

Mke wangu akatoka jikoni anafuta mikono, tabasamu hadi masikioni. Maskini, alidhani anakuja kupongezwa.

— Nimefanya kama ulivyosema, mama. Vya plastiki vyote vimekwenda.

— Vimekwenda wapi?

— Kule wanakokusanya plastiki kuukuu.

— Nani alikutuma?

— Si wewe, mama? Uliniandikia.

Akaleta simu. Ujumbe ulikuwa hivi: "Mwanangu, vikombe vya kabatini vitoe vyote. Wageni wanakuja Jumamosi."

Mama akausoma mara mbili.

— Uvitoe uvioshe! Nje ya kabati, mwanangu, si nje ya nyumba!

Mimi nilikuwa kwenye kochi. Nikainama haraka kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Mke wangu ni mfinyanzi. Tangu nimuoe, mwaka mzima, alikuwa akimbembeleza mama taratibu: plastiki imechubuka, mama, inanuka sabuni, chai ya moto humo si nzuri, na vikipasuka vinaishia mtaroni. Mama alikuwa na jibu moja tu: "Tutaona." Ulipoingia ule ujumbe, mke wangu hakuamini. Alikuja nao hadi kwenye karakana yangu, nikiwa nimechomeka kichwa nyuma ya friji bovu.

— Hebu soma. Kweli mama amekubali?

— Ameandika vitoe. Unataka akuandikie barua? Toa!

Hilo, siku ile mbele ya kabati, sikulisema.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha njano, kimefifia. Marehemu baba alipoofuka alipasha msumari moto, akachoma alama tatu ukingoni, ili kidole kimwambie kipi ni chake kati ya vikombe vya watu wanane. Tangu tumzike, mama alikuwa akikinywea chai kila asubuhi, lakini mke wangu hakuwahi kuambiwa kilikuwa cha nani.

Mama alipomweleza hayo, mke wangu alipiga simu palepale.

— Haloo, vile vikombe nilivyoleta asubuhi, naomba kimoja tu, cha njano.

— Vya plastiki? Dada, vilishaingia kwenye mashine ya kusagia. Saa hizi ni chenga.

Mama akakaa chini.

— Sikufukuzi — alisema. — Ila leo siwezi kukutazama usoni.

Mke wangu akafunga mkoba wake. Mlangoni akanigeukia.

— Hukusema neno.

— Nilikuwa natafuta namna ya kuanza...

— Ulikuwa unafunga kamba za ndala.

Akaenda kwa shangazi yake, ambako ndiko liliko tanuri la kuchomea vyombo vyake.

Siku tisa. Nilimwandikia: "Rudi basi." Kimya. Nikaandika: "Mama anakuulizia." Hilo akalijibu: "Usimsingizie mama." Nyumba ilipoa. Vile vikombe kumi na viwili vilikaa rafuni, hakuna aliyevigusa, na mama akawa anakunywa chai kwenye bakuli. Siku ya tisa nikachoka kuficha. Nikamfuata jikoni.

— Mama, alikuja kuniuliza kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia atoe.

Akaweka kisu chini, kitunguu nusu.

— Siku zote tisa umeniacha nimchukie mtoto wa watu?

— Ndiyo, mama.

— Vaa viatu. Safari hii vyenye kamba.

Tulimkuta mke wangu uani kwa shangazi yake, majivu hadi kwenye nyusi, analifungua tanuri. Mimi hakunitazama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi.

— Subiri kidogo, mama. Kwanza fumba macho.

Akamwekea kitu viganjani. Kilikuwa kikombe, bado kina joto. Kidole gumba cha mama kikatembea ukingoni: alama ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu kikasimama.

— Hii imepinda — mama alinong'ona. — Msumari ulimponyoka siku ile. Nani alikuambia?

— Hakuna aliyeniambia. Nilikiosha kila siku mwaka mzima. Vidole vyangu vinakijua.

— Na ukubwa ni uleule!

— Udongo ukiingia motoni hupungua, mama. Ilibidi nikifinyange kikubwa, nikisie kitakavyorudi. Nilifinyanga vinane. Saba vimekataa.

Nimekua na kikombe kile mezani na sikuwahi kujua kuwa alama ya tatu imepinda. Mimi, fundi, siendi kokote bila mita na spana. Huyu alikuwa amemrudisha baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kumwona, kwa kumbukumbu ya vidole tu. Nilimtazama kana kwamba ndiyo kwanza naonyeshwa mke wangu.

Mama alikuwa bado amefumba macho.

— Nipeni maji.

Shangazi akatoka ndani na mtungi, akammiminia. Akanywa polepole hadi tone la mwisho.

— Hayanuki sabuni — alisema, akafumbua macho yaliyojaa machozi. — Twende nyumbani, mwanangu. Vile vya kwako vimekaa rafuni kama yatima.

Nikamsogelea mke wangu.

— Nilikuachia mzigo wangu. Naona aibu. Nisamehe.

Akanipa kisogo. Akamwuliza mama:

— Na huyu tumfanyeje?

Mama akanipima kuanzia utosini hadi kwenye kamba za viatu.

— Huyu mtoe.

Nikarudi nyuma hatua moja.

— Mtoe, umwoshe — akaendelea mama — halafu umrudishe kabatini.

Mke wangu akacheka hadi majivu yakamdondoka usoni, kisha akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye udongo. Njia nzima nilijitolea kumbebea mama kikombe, akakataa. Alikishika kwa mikono miwili, kidole gumba kwenye ile alama iliyopinda.