Hedfoni Zilizochaguliwa Kwenye Chumba Kimya

Ijumaa ile duka la vifaa vya muziki lilijaa pomoni. Wateja walipishana ubavu kwa ubavu, kila spika inapiga wimbo wake. Kijana mmoja aliyevaa shati jeupe la mikono iliyokunjwa na viatu vya bluu vinavyong'aa aliegemea kaunta ya hedfoni huku anabishana na mtu kwenye simu. Kiwiko chake kikasukuma maboksi yote chini.

"Samahani, dada," alisema.

"Yaokote kwanza, samahani itafuata," alijibu muuzaji.

Muuzaji huyo alikuwa binti mwembamba, blauzi yake ya kijani imenyooka kwa pasi, nywele amesuka mistari. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini ukimgusa kwenye hedfoni, alikuwa haambiwi kitu. Wateja walimwita Sikio, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokubali kuonyesha.

Kijana aliokota maboksi yote, kisha akanyoosha kidole kwenye hedfoni kubwa zenye taa nyekundu.

"Hizo za mapambo," Sikio alisema. "Unapigia picha au unafanyia kazi?"

"Mimi ni dijei, mrembo. Zangu zimekatika mshipi wa kichwani leo asubuhi, na kesho mchana napiga kwenye harusi. Mama mwenye ukumbi ananijaribu. Akiridhika, ukumbi ni wangu kila wikiendi, sizunguki tena kupiga kwenye uzinduzi wa maduka kwa mashine za kuazima. Asiporidhika, narudi kulekule."

"Basi usinunue kwa macho. Nifuate."

Alimwingiza kwenye chumba kidogo nyuma ya duka, kuta zimefunikwa sponji, chini zulia zito. Mlango ulipofungwa, kelele zote zikabaki nje. Akamvalisha hedfoni nyepesi zenye sponji za kitambaa na vitundu vidogo kwa nje. Vidole vyake viligusa shingo ya kijana, na wote wawili wakajifanya hawakuona.

"Duh," Dijei alinong'ona. "Namsikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi."

"Nilikwambia."

"Sasa nipe namba yako. Kwa ajili ya garantii."

"Garantii imeandikwa kwenye boksi."

"Boksi halina sauti kama yako."

Sikio aliinama kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Jioni ile simu iliita mara tatu, na mara zote tatu aliipokea kabla haijafika mlio wa pili.

Jumamosi simu haikuita. Jumapili iliita, na sauti ilikuwa baridi.

"Hedfoni zako zimeniaibisha."

"Zimefanyaje?"

"Sikusikia kitu. Wimbo wa pili umeingia juu ya wa kwanza kama sufuria zinaanguka. Bibi harusi amesimama katikati ya ukumbi, mguu juu, hajui aucheze upi. Mama mwenye ukumbi ameniambia anatafuta mwingine."

Sikio aliumia, lakini kiburi kikatangulia. "Hedfoni zile hazina kosa. Angalia mikono yako."

"Sawa, dada," alisema Dijei, na lile neno "dada" lilimchoma kuliko tusi. Simu ikakatika.

Siku tatu Sikio aliuza vibaya. Alimpa mteja waya usio wake, akarudisha chenji mara mbili. Nyumbani, dada yake mkubwa alimtazama anavyokoroga chai isiyo na sukari, akambana mpaka akasimulia yote.

"Huyo kijana ulimjaribishia wapi hizo hedfoni?"

"Chumbani, kule nyuma. Pale ndipo unasikia vizuri."

"Na kazi anafanyia chumbani?"

Sikio aliacha kukoroga. Miaka minne anauza hedfoni kwa madijei, na hajawahi hata siku moja kusimama karibu na dijei akiwa kazini. Kumbi zenye watu wengi zilimtia woga.

Alhamisi aliomba ruhusa, akavaa gauni lake la zambarau, akatia hedfoni nyepesi na nyingine tatu kwenye mkoba na kwenda ukumbini. Mama mwenye ukumbi, mwanamke mpana mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa anakunja vitambaa vya meza.

"Mama, shikamoo. Yule dijei wa Jumamosi, kosa lilikuwa langu."

"Marahaba. Kosa lako, kwani wewe ndiye ulipiga?"

"Mimi ndiye nilimchagulia hedfoni. Naomba uniwashie spika kama siku ya harusi, nikuonyeshe."

Mama alimpima juu mpaka chini, akampungia mkono fundi wa umeme. Spika zikaunguruma. Besi ilipanda kutoka sakafuni mpaka kwenye meno. Sikio alivaa hedfoni nyepesi, za aina ileile aliyomuuzia Dijei, akawasha wimbo mwingine ndani yake. Hakusikia hata mstari. Vile vitundu vilivyoleta utamu chumbani sasa viliingiza ukumbi mzima masikioni. Akamvalisha mama naye ajisikilizie, akamwomba ampe Dijei nafasi nyingine, na mama akakubali. Alitoka mlangoni, akapiga simu.

"Uko wapi?" Dijei aliuliza, sauti imekauka.

"Ukumbini. Nimesimama ulipokuwa umesimama wewe. Mikono yako haina kosa, nilikosea mimi. Njoo, mama amekubali kukusikiliza mpaka saa tisa."

"Wewe? Umeingia mwenyewe na kuongea na yule mama?"

"Nimeingia, na sasa niko mlangoni. Njoo kabla sijakimbia."

Alifika akihema, shati nje ya suruali. Hawakupoteza muda kusameheana. Safari hii walichagua palepale mbele ya spika. Hedfoni za kwanza zilizuia kelele lakini zilimbana mpaka akakunja uso. Za pili zilikuwa za sponji nene ya ngozi, zimekaza bila kuumiza, na upande mmoja ulizunguka: sikio moja likabaki kwenye wimbo unaokuja, jingine likasikiliza ukumbi. Sikio akazivuta waya, akazipinda mshipi kama anakamua nguo. Hazikulalamika. Za tatu hakuzitoa hata kwenye mkoba.

Dijei akaanza. Wimbo wa kwanza ulikuwa unaondoka taratibu, wa pili ukaingia chini yake, ngoma juu ya ngoma, na hakuna aliyeweza kusema mmoja umeishia wapi. Mama mwenye ukumbi akaacha kukunja vitambaa.

"Jumamosi saa saba," alisema. "Usinicheleweshee watu."

Mama alipoondoka, Dijei alizima spika. Ukumbi ukawa mkubwa ghafla.

"Nilikukasirikia vibaya," alisema. "Na bado kila jioni nilikuwa nashika simu."

"Mimi yangu niliizima nisiisubiri iite. Halafu naiwasha."

"Mpenzi, nataka kuja kwenu nimwone mama yako. Siji kusalimia tu. Nakuja kukuposa."

Sikio alitazama viti vitupu mistari kwa mistari, mahali ambapo wiki iliyopita asingethubutu kukanyaga. Hakutafuta kalamu wala kuinama.

"Njoo Jumapili," alisema. "Mimi mwenyewe nitamwambia kabla hujafika kwamba nimekubali."