Meno ya Zipu

Nyumbani kwa Mama Pindo, asubuhi huanza na mlio wa cherehani. Chumba cha mbele ndicho chumba cha kazi. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, na vitambaa vya wateja vimepangwa rafuni mpaka juu. Watu humwita Mama Pindo kwa sababu akiona pindo limekwenda upande, hulifumua hata kama nguo si yake.

Anafanya kazi na wifi yake, mdogo wa mumewe. Wifi hushona vifungo na kumalizia nguo kwa mkono. Mfanyakazi wa tatu ni paka dume, Zipu. Kabla hajaja, panya walikuwa wakitafuna vitambaa wanavyotaka. Tangu aje, panya wamehama.

Lakini siku hizo Zipu hakuwa yule wa zamani. Alikwenda kwenye bakuli kwa hamu, akachukua kipande cha samaki, kisha akakitema na kukimbia kama aliyeungua. Mate yalimchuruzika. Manyoya yake yalishikamana, maana aliacha kujilamba. Kila mara alijifuta mdomo kwa mguu wa mbele.

"Wifi, mdomo wa huyu paka unanuka," wifi alisema. "Tena si leo tu. Nimekwambia tangu zamani."

"Anakula panya. Ulitaka anukie marashi?" Mama Pindo akajibu bila kuinua macho.

Siku moja Zipu alipanda mezani, akalala juu ya gauni jeupe la mteja. Mama Pindo alipogeuka, akaona mate kwenye gauni. Mate yenyewe yalikuwa na damu.

"Mungu wangu!"

Akatazama kimto cha sindano. Nafasi moja ilikuwa tupu. Basi, hapo hapo akapata jibu. Hasira haina subira ya kuuliza mara mbili.

"Wewe! Sindano iko wapi?"

"Sindano gani, wifi?"

"Umeidondosha, paka ameimeza! Mikono yako mizembe! Unakula hapa, unalala hapa, hata sindano moja huwezi kuitunza?"

"Sindano yangu hii hapa mkononi. Na ukumbuke, hata wewe unatumia—"

"Usinijibu!"

Wateja walikuwa wamekaa mlangoni wakisubiri nguo zao. Walisikia kila neno. Wengine walitazama viatu vyao. Wifi akaweka chini shati alilokuwa akilishona. 

"Haya. Mimi ndiye muuaji wa paka. Tafuta mwenye mikono mizuri."

Akachukua begi lake, akaenda kwa shangazi yake, mtaa wa pili.

Mama Pindo hakumzuia. Alichukua sumaku anayookotea pini sakafuni, akamshika Zipu shingoni, akajaribu kuipitisha mdomoni ili sindano inase. Zipu alimparura kiganja mpaka damu ikatoka.

Mumewe, fundi wa kupaka nyumba rangi, alirudi kutoka kazini na kukuta vita. Alitaka kusaidia. Akavunja kidonge cha maumivu anachokunywa mwenyewe, akamtia Zipu nusu mdomoni. Zipu akakitema mbali.

"Huyu tumpeleke kwa daktari," mume akasema. "Na dada yangu yuko wapi?"

"Usiniulize habari za dada yako!"

Walimtia Zipu kwenye kikapu chenye kifuniko, wakaenda kliniki ya wanyama. Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito, asiyependa maneno mengi. Alimfungua Zipu mdomo taratibu. Kwanza akainua ulimi.

"Natafuta uzi," akasema. "Uzi hunasa chini ya ulimi. Ukiona uzi unatokea mdomoni au sehemu ya haja kubwa ya paka, usiuvute. Unaweza kumkata utumbo. Mlete hapa mbio. Lakini huyu hana uzi."

"Ni sindano, daktari! Wifi yangu ameiacha—"

"Mama, mimi natibu paka. Kesi za mawifi sizijui."

Alimpiga Zipu picha ya eksirei, kichwa na tumbo. Hapakuwa na sindano. Mama Pindo akaikodolea macho ile picha kama vile inamdanganya.

"Sasa damu inatoka wapi?"

"Njoo uone mwenyewe." Daktari akainua mdomo wa juu wa Zipu. "Fizi zimevimba, zimekuwa nyekundu. Haya magamba ya kahawia ni ugaga. Utando wa vijidudu hukaa kwenye meno. Usiposafishwa, unakuwa mgumu kama jiwe, na fizi zinaoza. Na jino hili la nyuma limelika hapa chini, kwenye ufizi. Akitafuna, anapata maumivu makali sana. Ndiyo maana anatema chakula. Njaa anayo."

"Limeanza lini?"

"Si wiki hii. Hakuna aliyesikia harufu nyumbani kwenu?"

Mama Pindo akatazama ukutani. Mumewe ndiye aliyejibu.

"Dada yangu alisikia. Alisema."

"Mkamfanya nini?"

Daktari akakunja uso.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Paka huficha maumivu, wala halii ovyo. Kwa hiyo mwenye paka ndiye anayepaswa kutazama. Mdomo ukinuka, mate yakimtoka, akitafuna upande mmoja, akiacha kujilamba, usingoje damu. Mmempa dawa yoyote?"

"Nusu ya kidonge changu cha maumivu," mume akasema. "Alikitema chote."

Daktari akapiga meza. "Mshukuruni Mungu! Vidonge vya watu vya maumivu vinaua paka. Hata nusu! Mnyama wako akiumwa, usimpe dawa ya kabati lako. Umesikia?"

"Nimesikia, daktari."

Kisha daktari akamgeukia Mama Pindo, akamwangalia shingoni.

"Na hiyo sindano kwenye kola yako ni ya nini?"

Mama Pindo akapeleka mkono shingoni. Sindano ilikuwa pale, imechomekwa, na uzi mweupe ukining'inia. Ndiyo tabia ya mafundi: mikono ikijaa kazi, sindano huchomekwa kwenye nguo. Tangu asubuhi alikuwa ameivaa. Hasira ilimpanda tena, ila safari hii hakuwa na wa kumfokea. Uso ulimwaka kwa aibu.

Zipu alibaki kliniki. Kesho yake alipewa dawa ya usingizi, akasafishwa ugaga, na meno mabovu yakang'olewa.

"Atakulaje bila meno?" Mama Pindo aliuliza.

"Atakula vizuri kuliko alipokuwa nayo. Mpe chakula laini mpaka vidonda vipone, na dawa ya maumivu ni hii tu. Akishapona, mswaki mdogo laini na dawa ya meno ya paka. Ya watu hapana, maana paka hajui kutema. Na kila mwaka aje nimtazame."

Jioni Mama Pindo alikwenda kwa shangazi. Wifi alitokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Sindano imepatikana?"

"Imepatikana. Ilikuwa kwenye kola yangu. Nisamehe, wifi."

Wifi hakucheka. "Ulinivunjia heshima mbele za watu, sasa unaniomba radhi kwenye kiza cha mlango? Paka aliumwa, wewe ukatafuta wa kumlaumu. Nilikwambia ananuka, ukanifanyia mzaha. Nenda, wifi. Nenda."

Mlango ukafungwa. Mama Pindo alirudi nyumbani akisonya njia nzima. Alimkasirikia wifi kwa ukali wake, kisha akajikasirikia mwenyewe, kwa sababu wifi alikuwa na haki.

Akangoja siku ya wateja kuchukua nguo. Zipu alikuwa amepona. Alikuwa amemaliza bakuli lote la samaki wa kusagwa, sasa anajilamba mgongo. Mama Pindo alimtuma mumewe amlete dada yake. Wifi alipotokea mlangoni, chumba kimejaa watu, Mama Pindo akasimamisha cherehani, akainuka.

"Jamani, mlinisikia nikimtukana wifi yangu hapa. Nilisema amemlisha paka sindano. Ni uongo. Sindano nilikuwa nayo mimi, kwenye nguo yangu. Paka aliumwa meno, na wifi ndiye aliyeniambia mapema. Sikumsikiliza. Wifi, mbele ya hawa wote, nisamehe."

Wifi akavuta kiti chake, akaketi, akaomba uzi.

Mteja mmoja mzee akakohoa. "Hata paka wangu ananuka mdomo. Mimi nilidhani ni samaki tu."

"Mpeleke leo leo, mama," wifi akasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Usingoje mpaka umfukuze mtu nyumbani."