Mkono wa Kushoto wa Fundi

Mshonaji alijitosa kwenye soko la vifaa vya umeme saa nne asubuhi, kakumbatia skrini ya zamani, ile yenye chogo mgongoni, nzito kama mtoto wa miaka mitatu, gauni lake la njano limeshika vumbi kifuani. Hakuona mbele. Akamvaa kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi ya nguvu.

"Dada, hiyo ni ya kutengeneza au ya makumbusho?"

"Ya kazi. Mashine yangu ya kudarizi haikubali skrini nyingine. We ni fundi au mpiga domo?"

"Vyote viwili. Nifuate kibandani kwangu."

Basi, yakaanza hivyo. Kila alasiri alipita kibandani kuulizia skrini, na kusema kweli skrini yenyewe haikuwa na haraka. Fundi akichokoa nyaya, yeye kigodani, wanataniana mpaka soko linafungwa. Jioni zikafuata simu.

"Umefika salama, mpenzi?"

"Nimefika. Tumeachana dakika kumi tu, jamani."

Ila jambo moja lilimkera. Mkono wa kushoto wa fundi haukutoka mfukoni, hata walipokwenda kunywa chai. Akawaza, akawazua, akafika mwisho: anaficha pete, huyu ana mke. Roho ikamuuma. Akaacha kupokea simu, akalia juu ya cherehani siku nne, na akajichukia kwa kulia.

Siku ya tano ukaja ujumbe: skrini imepona. Akaenda, uso kaukaza. Fundi hakuwepo. Alimkuta mama wa fundi, miwani puani, skrini imefunguliwa mgongo na inawaka, bisibisi mkono wa kulia, wa kushoto umezama kwenye mfuko wa aproni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja niinyooshe picha."

"Mama, mbona na wewe mkono umeuficha?"

"Humu mna umeme wa kuua ng'ombe. Ukishika kwa mikono miwili unapita moyoni. Nilimfundisha mwanangu hivyo tangu mdogo, sasa kazoea hata mitaani. Akioga sijui anauweka wapi."

Mshonaji akakaa chini. Kicheko na machozi vikamtoka pamoja. Fundi akaingia na chupa ya chai, akamkuta hivyo.

"Siku nne hupokei simu. Nimekukosea nini?"

"Nionyeshe mkono."

Akautoa. Vidole vitupu, vyenye makovu madogo ya kuungua.

"Nilidhani una mke."

"Si ungeniuliza?"

"Niulize, halafu useme ndiyo? Sikuwa na moyo huo."

Fundi akaweka chupa mezani. Mama yake akainama, akajifanya anatafuta nati.

"Basi niulize sasa."

"Una mke?"

"Sina. Ila nataka kuoa, na nataka nikuoe wewe."

Mshonaji akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu wiki ianze.

"Jumapili njoo nyumbani," akasema, "umwambie baba hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."