Kufuli la Shimo la Samadi

Maiti ilikuwa ndani ya shimo la samadi, kifudifudi, tope limeifika masikioni. Waliokwenda kuitoa walisubiri shimo lipate hewa kwanza, wakajifunga vitambaa puani, na bado mmoja wao alitapika nyuma ya jiko la shule.

Inspekta Masele wa polisi Shinyanga alichuchumaa. Marehemu alitambuliwa mara moja: Ignas, mchimbaji wa almasi wa Maganzo. Hakuwa na jeraha la kisu wala rungu. Kufuli la mfuniko lilikuwa limevunjwa.

Mkuu wa sekondari hiyo, nje kidogo ya Didia, alikwishapata wa kumlaumu.

"Ni mtambo huu wa gesi wa Mwalimu Naznin na wanafunzi wake. Nilisema tangu mwanzo, kinyesi si somo! Kesho nalifukia shimo, na mwalimu mshitakini."

Naznin, mwalimu wa baiolojia, alikuwa keshapelekwa kituoni. Aliyebaki kujibu maswali ni Mbuke, msichana wa kidato cha tatu aliyeuchora mtambo kwa mkono wake. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mayu, mama. Mtambo wako unafanyaje kazi?"

"Tunakusanya samadi mazizini na makapi ya pamba. Tunachanganya na maji, tunachekecha, tunamwaga humu. Vijidudu vinakula, vinatoa gesi, jiko linapikia uji. Tangu tuanze hatujakata mti hata mmoja."

Masele alitazama uwanda mweupe uliozunguka shule. Miti ilikuwa ya kuhesabu.

"Mnachekecha ya nini?"

"Samadi ya zizini ina kokoto, afande. Tukiziacha, shimo linajaa." Alionyesha rundo la kokoto safi na chekeche mbili za wachimbaji wa Maganzo.

"Na kufuli?"

"Mtoto asije akatumbukia. Hewa ya humo inaua." "Afande, nimemuua mimi?"

Masele alikuwa na binti wa umri huo. Swali lilimchoma. Akarudi kwa maiti.

Chini ya makwapa palikuwa na michubuko ya kamba, lakini kamba yenyewe haikuwepo. Ukingoni mwa shimo majani yalikuwa yameungua, na kando yake kipande cha mshumaa kilichofungwa uzi.

Miaka yake ya kazi Maganzo na Geita ilimfaa hapo. Mchimbaji hashuki shimoni peke yake. Mwenzake hubaki juu na kamba. Kabla hajashuka, huteremsha mshumaa kupima hewa. Ukizimika, hakuna anayeingia. Desturi hiyo imeokoa wengi kwenye mashimo ya mawe. Kwenye shimo la gesi ni sawa na kuwasha baruti, na moto humrukia aliyeinama.

Basi alikwenda Maganzo kutafuta mtu asiye na nyusi.

Alimkuta kwenye kibanda cha chai. Masudi, mshirika wa Ignas, alikuwa ameshusha kofia mpaka machoni.

"Vua kofia."

Nyusi hazikuwepo.

"Niliungua jikoni, afande."

"Umeanza lini kupika, wewe? Kamba iko wapi?"

Masudi aliweka kikombe chini.

"Tulipita pale shuleni," alisema. "Watoto wanachekecha, wanaosha, kokoto zimerundikwa pembeni. Halafu shimo linapigwa kufuli! Nani anafunga kufuli shimo lisilo na almasi? Jana wote walipokwenda ibadani, tukalivunja."

"Mshumaa ukalipuka."

"Usoni kwangu. Tukangoja, tukadhani hewa mbaya imeungua yote. Ignas akashuka."

"Halafu?"

"Akavuta kamba."

"Yaani umpandishe."

"Ndiyo."

"Ukampandisha?"

Masudi alikisukuma kikombe kando.

"Kule Geita mshirika wangu alipanda na dhahabu mdomoni, akanikana, akaondoka nayo. Nikaapa sitafanywa mjinga tena. Nikamwambia Ignas atangulize mawe, ndipo nimvute. Akavuta tena kamba. Nikaona ananichezea."

"Ukangoja."

"Mpaka akaacha kuvuta. Ndipo nikamvuta, lakini alikuwa mzito, akachomoka kwenye kitanzi. Nikakimbia na kamba yangu."

Masele alimfunga pingu. Kwa simu aliagiza Mwalimu Naznin aachiwe, na mkuu wa shule aambiwe shimo lisiguswe. Akataka pia Mbuke aambiwe, leo hii, kwamba hakumuua mtu. Hilo alilirudia mara mbili.

Walipolifikia gari, Masudi alisimama.

"Afande, mawe yenyewe mmeyapata?"

"Hakuna mawe, Masudi. Humo mna kinyesi cha ng'ombe. Watoto wanapikia uji."

Masudi alitazama mikono yake iliyofungwa.

"Kumbe alitaka kutoka tu," alisema.