Masaa ya Verna Caines

Mgeni aliyetushtua alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Toronto, na hakuwa na kosa lolote. Asubuhi ile ya mwisho wa Agosti, Verna Caines alikuwa nyuma ya nyumba yake ya wageni anaanika mashuka, vibanio vimemjaa mdomoni. Gari la mwalimu likapita taratibu, kioo kikashushwa.

"Asante kwa masaa, mama! Nimeshayaandika. Manne tu mpaka St. Anthony!"

Akapiga honi, akaenda zake. Verna akabaki na shuka mkononi, linamchuruzikia maji miguuni. Alikuwa hajamtajia yule bwana saa hata moja. Kwa wiki mbili nzima alikuwa hajamtajia mtu yeyote, tena aliapa mbele ya picha ya marehemu mumewe kwamba hatataja tena mpaka anaingia kaburini.

Ngoja nikueleze, maana nilikuwa jirani yao na niliyaona. Sisi wa pwani hii ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ukituuliza umbali hatukutajii kilomita. Tunakutajia masaa, tena masaa yetu wenyewe. Hedley, mume wa Verna, aliendesha lori la samaki miaka thelathini kwenye barabara ile, na hakusimama hata siku moja kuitazama bahari. Aitazame ya nini, na amezaliwa nayo? Kwake yeye St. Anthony, mji wa mwisho wa barabara, ilikuwa masaa manne. Alipokufa, masaa yake yalibaki kwa mkewe, naye akawa anawagawia wageni pamoja na jamu na mkate wa kukaanga. Lakini mtalii ana kamera. Anasimama kwa kila nyangumi, kwa kila mnara wa taa, kwa kila bibi anayeuza soksi za sufu, na yale manne yanakuwa manane hata hajui yameendaje.

Katikati ya Agosti ile walikuwa wamekuja mzee Wendell na mkewe Opal, kutoka Ontario. Safari hii mzee alimwahidi mkewe tangu wakiwa wachumba. Alikuwa na daftari, na ndani yake kila kituo kimeandikwa na dakika zake.

"Mama Verna, wewe ndiye mwenyeji," alisema mezani. "Mimi nimepata masaa saba na nusu, pamoja na kusimama kutazama. Nimekosea?"

Verna alicheka mpaka akashika meza. "Saba na nusu! Kwani mnakwenda kwa miguu? Manne, mzee wangu. Kaeni, mnywe chai."

Mzee aliona haya. Akakata hesabu yake kwa kalamu, akaandika nne, na mkewe akamtania kwamba uzee umemfanya mwoga. Wakakaa kunywa chai mpaka saa saba na nusu mchana. Saa mbili na nusu jioni, giza likiingia, saa ambayo mwenyeji yeyote huku haendeshi gari, musi akatoka msituni akasimama katikati ya barabara. Musi ni mnyama mrefu kuliko ng'ombe. Gari likimgonga miguuni, mwili wote unamwangukia dereva. Wote wawili walikufa pale pale. Walikuwa wamebakiza nusu saa kufika. Polisi aliyeleta habari alisema alipofika alikuta indiketa ya kulia bado inalia, tik, tik, tik, kama watu waliotaka kuegesha kidogo watazame kitu.

"Nimewaua, shemeji," Verna alimwambia Eldred. "Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nimemcheka mpaka akaifuta."

Eldred alikuwa mdogo wake Hedley, mjane, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika mbili kutoka kwa Verna, unaona bomba la jiko lake ukiwa dirishani. Kila siku saa kumi alikuja kunywa chai. Tena alikuwa na mkono. Jino likikuuma, Eldred alikugusa shavu, akanong'ona, ukapona. Hakutaka pesa wala hakutaka kuambiwa asante, maana ukimshukuru kazi yote inavunjika na maumivu yanakurudia. Watu wote wa ghuba yetu walilijua hilo, hata watoto.

Basi baada ya yule mwalimu, mambo yakazidi. Ukumbi wa nyumba ukaanza kunuka sufu iliyolowa na maji ya rejeta yaliyochemka. Verna alifua mapazia, akafua mazulia, harufu ikabaki. Kisha jioni, jua likigusa maji, ukutani nyuma ya jiko kukaanza kulia tik, tik, tik. Alizima friji. Alitoa saa ya ukutani akaitupa nje. Ile tik, tik ikaendelea mpaka giza likajaa, halafu ikanyamaza.

Siku moja Eldred alikuwa mezani na kikombe chake, Verna anakanda unga mbele yake. Huko ukumbini wageni wawili walikuwa wanavaa viatu. Wakasikia mwanamke anauliza, "Mpaka St. Anthony ni mwendo gani, mama?"

Na ukumbini humo humo sauti ya Verna ikamjibu, na kicheko chake, na kile kikohozi chake cha mwishoni. "Manne, kipenzi. Kwani mnakwenda kwa miguu?"

Mikono ya Verna iliganda kwenye unga. Eldred alimtazama mdomo. Ulikuwa umefumbwa.

"Verna," alinong'ona, "umesema wewe?"

"Si unaniona? Nimefumba. Shemeji, nimefumba!"

Eldred alitoka mbio mpaka uani, akawakuta wageni wanawasha gari, akawaambia walale njiani, Port au Choix, na wasiendeshe jioni. Walimshukuru. Aliporudi alikuwa amepauka uso.

"Ni wale wazee?" Verna aliuliza. "Wamerudi kunidai?"

"Hapana. Wale maskini walishafika kwa Mungu wao. Hiki ni cha mlimani."

Vya mlimani huku hatuvitaji majina. Tunaweka kipande cha mkate mfukoni tukienda kuchuma matunda, na mtu akipotea masaa sita kwenye shamba analolijua, tunajua nani kayachukua. Wewe ungesema jini, na mimi nisingekubishia.

"Kimeonja masaa ya wale wazee kwa kupitia mdomo wako," Eldred alisema. "Kimeyapenda."

"Kitoe basi!"

"Kukitoa siyo kazi. Kazi ni pa kukiweka. Nikikuondolea jino, siku tatu naumwa mimi. Hiki nikikitoa kitakaa wapi?"

"Basi usikiguse," alisema Verna, akaanza kulia. "Nitafunga nyumba. Sitapokea mgeni tena."

Na angeifunga kweli, isipokuwa kulikuwa na mgeni mmoja ambaye hakuweza kumkatalia. Rhonda, binti yake wa pekee, alikuwa anarudi kutoka Alberta na mwanawe Maisie wa miaka mitano. Walikuwa wanarudi kabisa. Verna hakuwahi kumshika mjukuu huyo. Alimjua kwa simu tu. Kitanda kilishatandikwa, na mdoli kalazwa juu ya mto.

Siku yenyewe, katikati ya Septemba, kivuko kilichelewa kwa upepo. Simu ya ukutani ililia saa tisa alasiri, Eldred ameshakuja mapema kuwasubiri. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu.

"Mama, ndiyo tumeshuka Port aux Basques! Napiga kwa sarafu, sema haraka. Kutoka hapa mpaka nyumbani ni mwendo gani? Nimesahau kabisa."

"Masaa sita na mtoto!" Verna alipaza sauti. "Giza litawakuta kwenye milima. Laleni Corner Brook!"

Rhonda akacheka. "Matatu tu? Ah, basi tutawahi chakula cha jioni."

"Sita, Rhonda! Nimesema sita!"

"Nimesikia, mama, matatu. Mbona unacheka hivyo?"

Verna hakuwa anacheka. Alimsukumia Eldred simu, na Eldred akaishika kwa mikono miwili, akafungua mdomo kumwambia mtoto wa kaka yake alale Corner Brook, na kilichotoka kwenye koo lake la kiume lililozoea tumbaku kilikuwa sauti ya Verna, laini, yenye furaha, matatu tu kipenzi, njoo, supu iko jikoni, na ukutani nyuma ya jiko tik, tik ikaanza ingawa jua lilikuwa bado juu, na harufu ya sufu na maji ya rejeta ikawajia kutoka ukumbini nzito mpaka macho yakawatoka machozi, na huko upande wa pili sarafu zilikuwa zinadondoka moja moja na mtoto anasikika akisema, mama twende, mama nataka kwenda kwa bibi.

Eldred akaziba simu kwa kiganja. "Nipe mkate."

"Shemeji, usi..."

"Verna. Mkate."

Eldred akamwekea Verna kipande chini ya ulimi. Akavua koti lake akalivaa nje ndani, kama wazee wetu walivyofanya wakikutana na vya mlimani. Akamshika taya kama anavyomshika mtu wa jino, akanong'ona yale anayonong'ona, kisha akasema kwa sauti, "Nipe mimi."

Verna alitikisa kichwa. Akamfikiria mtoto ndani ya gari. "Chukua," akasema.

Ukuta ukanyamaza. Eldred alijikunja kama aliyepigwa tumboni, akashika ukingo wa meza, kisha akanyanyua simu. Safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya mikwaruzo.

"Rhonda, ni baba yako mdogo. Siyo matatu. Ni sita. Mtalala Corner Brook, na kesho mtaondoka mkishashiba. Umenisikia? Nirudishie nilichosema."

"Sita. Tulale Corner Brook." Rhonda alikuwa ameshtuka. "Sawa, baba. Tunalala."

Simu ikakatika. Verna alimkumbatia shemeji yake, akafungua mdomo, na Eldred akauziba upesi kwa mkono. "Usiniambie neno hilo. Unajua."

Verna alijua. Akalimeza. "Kitakufanya nini?" akauliza.

"Kitanifanya nini mimi? Kinakula masaa ya wasafiri. Mimi gari niliuza, hakuna anayeniuliza njia. Safari yangu ndefu kuliko zote ni kutoka kwangu kuja kwako. Kitakufa njaa." Alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Acha nikaongeze kuni jikoni kwangu. Narudi kunywa ile supu."

Akatoka. Verna alimwona kupitia dirishani, koti nje ndani, anakata njia ya majani kuelekea kwake. Wingu la ukungu likapita kutoka baharini, likaenda. Njia ilikuwa tupu.

Supu ilipoa. Verna alivuka kwenda kwa Eldred akakuta mlango umerudishiwa, jiko la baridi, kuni hazijaguswa. Tulitoka wanaume wote wa ghuba kabla giza halijaingia. Ni mwendo wa dakika mbili, jamani, hakuna shimo, hakuna mwamba, hakuna hata kichaka cha kumficha kuku. Hatukuona alama.

Kesho yake adhuhuri gari la Rhonda liliingia uani, zima. Verna alimshika binti yake uso kwa mikono miwili. Maisie alichelewa kushuka. Alikuwa anaangalia kwenye majani.

"Bibi," alisema, "yule babu mwenye koti la ajabu mbona hafiki? Anatembea tu."

"Babu gani, mpenzi?"

"Yule pale. Kasema nikwambie anakuja. Dakika mbili tu."

Tuligeuka sote. Mimi sikuona mtu. Lakini Verna alikwenda mbio mpaka katikati ya njia, bila viatu, akasimama akapiga kelele, "Asante! Asante, Eldred! Kirudi kwangu, nimesema asante!" Alilisema mpaka sauti ikamkauka, binti yake amemshika kiuno. Alitaka achukue tena mzigo wake, huyu mwanamke, na mwanawe ameshafika salama, hakuwa na cha kuogopa tena.

Na tukasikia, sote, siyo mtoto peke yake. Karibu kabisa, kama mtu aliye upande wa pili wa ua, anahema kidogo kwa kutembea, na hana wasiwasi.

"Nakuja, Verna. Dakika mbili."

Hakuwa amesikia lile neno. Anayetembea huko, dakika zake zikiliwa, hasikii.

Miaka kumi na moja imepita. Nyumba haipokei wageni, na ukuta wa jikoni haujalia tena. Maisie ni msichana mkubwa, hakumbuki. Ila saa kumi ikifika Verna anafungua mlango wa mbele, anamimina vikombe viwili, na hata Januari, theluji ikiingia mpaka kwenye zulia, haufungi.

"Mama, funga basi," Rhonda humwambia. "Utaugua. Mpaka lini?"

"Uache," Verna hujibu. "Kasema dakika mbili."